Upande wa Ndani

Benchi la fundi Mihayo, pale Ng'ambo, Tabora,
lilikuwa mninga mtupu, unene wa vidole vitatu,
zito kuliko deni.
Nililikuta limenizidi umri,
na kazi yangu ya kwanza ikawa kulifagia kila jioni:
maranda guniani, misumari iliyopinda kwenye kopo.

Kufagia ndiko kulikonionyesha.
Vumbi likiondoka, kuna kitu kinabaki.

Kwanza nyundo. Mamia ya vishimo,
kama matone ya mwanzo juu ya vumbi la Novemba,
yale yanayokuja machache machache
kabla mtu hajaamua kuanua nguo.
Kisha msumeno, uliozoea kupitiliza ubao
na kuonja benchi: mistari imelala upande mmoja
kama nyasi za Igalula upepo ukishapita.
Pete za makopo ya vanishi, moja imeingia ndani ya nyingine.
Na rangi ya buluu, ya madirisha ya shule,
ilimwagika mwaka nisioujua,
ikatafuta njia kwenye nyuzi za mbao,
ikatuama.
Nikiinama nusu, jicho moja nimelifumba,
naliona bwawa la Igombe kutoka juu,
mimi ambaye sijapanda hata paa.

Na hesabu. Kalamu ya risasi, tarakimu juu ya tarakimu,
*sita kwa nne, kitanda cha Nyanzobe, bado elfu nane*,
zimefutwa kwa kiganja, zimerudi.
Pembeni, doa jeusi. Hilo sikuliuliza.
Kidole cha shahada cha fundi kiliishia kwenye kifundo.

Siku moja nikamwambia: Fundi, tazama hapa palivyo pazuri.
Akatazama. Akatoa msumari mdomoni.
"Pazuri wapi? Hapo ndipo tunapokosea."

Mwalimu Kalunde akaagiza kabati
mwezi ambao mninga ulikuwa haushikiki kwa bei.
Fundi akalizunguka benchi, akalipiga kofi mgongoni
kama ng'ombe wa mnadani.
"Lirande. Litatoa milango miwili."

Nikanoa randa mpaka nikaishiwa visingizio.
Msukumo wa kwanza ukatoa utepe mwembamba,
ukingo wake buluu. Nikautia mfukoni.
Ninao mpaka leo, umejikunja kama sikio.
Treni ya Mpanda ilikuwa inaondoka stesheni,
benchi likatetemeka kwa mazoea yake,
na hapo hapo nikapata la kusema:
"Fundi, upande wa chini haujaguswa.
Tukiligeuza, ni nusu ya kazi."

Fundi huipenda nusu ya kazi.

Basi kwa nje mlango ukang'aa, mwekundu kama chai ya rangi.
Kwa ndani, mvua, nyasi, bwawa,
na elfu nane ambazo Nyanzobe hakulipa.

Mwalimu akaja na mkokoteni.
Akafungua. Akasimama
muda wa mtu anayesoma barua ya mkono mbaya.
"Nani kachora huku?"
"Ni makosa tu, mwalimu. Nitapaka rangi."
"Usipake," akasema. Akafunga, akafungua tena.
"Ila kama ni makosa, punguza elfu kumi."
Akapunguziwa.

Kabati liko Kanyenye sasa, chumba cha uani.
Sijui kama asubuhi, akitafuta kitenge,
hutazama kidogo, au huwahi kengele.
Sijaenda kuuliza. Ningeanzia wapi?

Benchi jipya ni la msonobari,
jeupe, linanuka utomvu, halimjui mtu.
Wiki ya kwanza tulilifanyia kazi kwa adabu
kama wageni kwenye sebule ya mkwe.
Kisha fundi akaweka kikombe chake cha bati,
akakinyanyua, akaenda kumfokea mtu wa gundi.
Likabaki duara, si kamili,
limekatika upande wa mlangoni.

Kitambaa kilikuwa begani mwangu.
Nikakiacha hapo hapo.